Imani ya Nyumba kwa Nyumba: Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo

Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo ni kundi la familia za Kikatoliki zinazokaa jirani, mara nyingi kati ya kumi na ishirini hivi, ambazo hukutana mara moja kwa wiki nyumbani kwa mmoja wao kusali, kusoma Injili na kushughulikia mambo ya mtaa. Huwa na mwenyekiti, katibu na mtunza hazina. Huwa na somo pia, yaani mtakatifu ambaye jumuiya inaitwa kwa jina lake. Ndiyo maana katika mtaa mmoja unaweza kukuta Mt. Anna upande huu wa barabara na Mt. Karoli Lwanga upande wa pili. Jumuiya kadhaa hufanya kanda au kigango, vigango hufanya parokia, na parokia hufanya jimbo.

Kwenye karatasi, basi, jumuiya ni ngazi ya chini kabisa ya Kanisa. Kwa maisha ya Mkatoliki wa kawaida wa Afrika Mashariki, ni ngazi iliyo karibu kuliko zote. Padre huonekana Dominika, na kwa anayeishi kigango cha mbali huenda akaonekana mara moja kwa mwezi. Majirani wa jumuiya huonekana kila siku: kisimani, sokoni, kwenye foleni ya zahanati. Wao ndio wanaojua nani ameugua, nani amegombana na mkewe, mtoto wa nani ameacha shule. Anayetaka kujua Wakatoliki wa eneo hili wanavyoiishi imani yao kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi hana budi kuanzia hapa.

Kabla ya jina kuwapo

Jina ni la miaka ya 1970, lakini jambo lenyewe ni la zamani zaidi. Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie mwaka 1868, walifika Buganda mwaka 1879. Mwishoni mwa 1882 wakalazimika kuondoka na kuvuka kwenda kusini ya Ziwa Viktoria, wakaacha nyuma waongofu wachache na wanafunzi wa dini. Waliporudi mwaka 1885 hawakukuta magofu. Walikuta Wakristo wameongezeka. Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa akiwafundisha vijana wa ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, na huko Mityana kulikuwa na kundi lililokutana kwa sala chini ya Matia Mulumba, Luka Baanabakintu na Noa Mawaggali, ambaye alikuwa mfinyanzi wa vyungu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa padre. Wote wanne ni miongoni mwa mashahidi 22 Wakatoliki wa Uganda waliouawa kati ya 1885 na 1887, wakatangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964. Wanakumbukwa zaidi kwa namna walivyokufa. Miaka karibu mitatu waliyoendesha Kanisa bila padre hutajwa mara chache, ingawa kwa mada hii ndiyo yenye somo kubwa zaidi.

Baada yao akaja katekista. Wamisionari wa Lavigerie walimtaka anayetaka ubatizo asome na kujaribiwa kwa miaka minne, na kazi hiyo haikuwezekana kwa mapadre wachache waliosafiri kwa miguu. Katekista alikaa kijijini, akafundisha maswali na majibu ya katekisimu, akaongoza sala ya Dominika, akabatiza waliokuwa hatarini kufa, akazika. Makatekista wawili, Daudi Okelo na Jildo Irwa, waliuawa Paimol, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1918 wakiwa bado vijana sana, na walitangazwa wenye heri mwaka 2002. Kigango cha leo, chenye Ibada ya Neno inayoongozwa na katekista Dominika ambazo padre hayupo, kimejengwa juu ya mgongo wa watu wa aina hiyo.

Mpango huo ulikuwa na kasoro yake. Kila kitu kilimwangukia mtu mmoja, na waumini wengine wakazoea kukaa na kusikiliza.

Uamuzi wa maaskofu

Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano (1962–1965) ulibadilisha namna ya kumtazama mlei. Hati yake kuhusu Kanisa, ya mwaka 1964, ililiweka taifa zima la Mungu kabla ya kufika kwa maaskofu na mapadre, na ile ya utume wa walei, iliyotolewa Novemba 1965, ilisema wazi kwamba ubatizo wenyewe unampa mtu utume. Haungoji kibali cha padre. Maaskofu wa Kongo walikuwa wameshazungumza mwaka 1961, hata kabla ya Mtaguso kufunguliwa, juu ya jumuiya hai za Kikristo kuwa msingi wa uchungaji. Jijini Kinshasa, Kardinali Joseph Malula alifika mbali zaidi akawakabidhi walei uongozi wa baadhi ya parokia katika miaka ya 1970.

Kwa nchi za Afrika Mashariki, hatua ya maana ilichukuliwa Nairobi. Mwaka 1973, AMECEA, chombo kinachowaunganisha maaskofu Wakatoliki wa kanda hii, kilizungumzia mpango wa Kanisa kwa miaka ya 1980 na kutaka Kanisa linalojihudumia, linalojieneza na linalojitegemea. Mwaka 1976 maaskofu walikutana tena jijini humo, safari hii mada ikiwa ni kujenga jumuiya ndogo ndogo, na wakakubaliana kwamba maisha ya Kanisa yasimame juu ya jumuiya za mahali ambako watu wanaishi, wanafanya kazi na wanajuana. Walipokutana Zomba, Malawi, mwaka 1979, walipima walikofika.

Msikilizaji wa Tanzania hakuhitaji kuelezwa maana ya kujitegemea. Azimio la Arusha, la ujamaa na kujitegemea, lilikuwa limeshatangazwa mwaka 1967, na nchi nzima ilikuwa imepangwa kwa nyumba kumi kumi, kila kumi na balozi wake. Jumuiya za Kikristo ziliingia katika ardhi iliyokwishalimwa. Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge aliuchukua ufanano huo kwa uzito kuliko wenzake wote: alihamia kuishi katika kijiji cha Ujamaa, akashika jembe pamoja na wanakijiji. Malawi mambo yalikwenda kinyume. Serikali ya Kamuzu Banda haikupenda kuona watu wakikutana makundi makundi nje ya chama tawala, na Askofu Patrick Kalilombe wa Lilongwe, mmoja wa wanateolojia wakuu wa wazo hili, alilazimika kuondoka nchini mwake mwaka 1976. Serikali ile ilikosea mengi, lakini hapo iliona sawasawa jambo moja: watu wanaokutana kila wiki kusoma maandiko na kuulizana wafanye nini si watu wa kupuuzwa.

Mkutano wa wiki

Siku na saa hupangwa na maisha ya mtaa. Katika miji mingi ya Tanzania jumuiya hukutana Jumamosi alfajiri, kabla watu hawajatawanyika kwenda kwenye biashara na vibarua; kwingine ni jioni ya katikati ya juma, na Kenya wengi hukutana Dominika baada ya Misa. Nyumba hubadilishwa kwa zamu. Zamu hiyo si jambo dogo, kwa sababu inamfikisha mwenye nyumba ya vigae kwenye chumba kimoja cha kupanga, na anayeishi chumba kimoja anapata siku ya kupokea wageni kama mwenye nyumba mwingine yeyote. Viti vya plastiki huazimwa kwa jirani, mara nyingi jirani Mwislamu au Mlutheri. Anayefika hubisha kwa “Tumsifu Yesu Kristo”, akajibiwa “Milele na milele, amina”.

Huanza kwa wimbo na, mahali pengi, fungu la rozari. Kisha husomwa Injili ya Dominika inayokuja. Utaratibu huu wa kusoma mapema una matokeo ambayo hayaonekani haraka: mtu anayeisikia Injili hiyo kanisani Dominika amekwisha kuijadili na majirani zake, na mahubiri ya padre yanamkuta ana maswali.

Njia ya usomaji iliyoenea zaidi ni ile ya Hatua Saba, iliyotoka katika taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, ambako Oswald Hirmer na Fritz Lobinger, wote wawili baadaye maaskofu, waliandaa vitabu vya mafunzo kwa walei. Kwanza mmoja anamkaribisha Bwana kwa sala fupi. Pili, Injili inasomwa. Tatu, kila anayetaka anataja neno au kifungu kilichomgusa, bila maelezo, na kukirudia polepole mara tatu. Nne ni kimya cha dakika chache, kigumu kwa mtaa wenye redio. Tano, washiriki wanaambiana kile ambacho neno limewaambia. Hapa hairuhusiwi kuhubiri wala kumsahihisha mwenzio. Sita, wanajadili kazi: jumuiya inaitwa kufanya nini wiki hii, nani atakwenda, lini. Saba, wanasali kwa maneno yao wenyewe.

Hatua ya tatu ndiyo iliyowafungulia mdomo wasiosoma. Bibi ambaye hakuwahi kukaa darasani anaweza kulisikia neno, akalitaja, akalirudia mara tatu, na mchango wake ukawa sawa na wa mwalimu mkuu. Hatua ya sita ndiyo inayorukwa zaidi. Muda umekwenda, watu wana haraka, na ni rahisi kusali kwa ajili ya mgonjwa kuliko kukubaliana nani atampeleka hospitali. Jumuiya inayoiruka daima hugeuka kikundi cha sala, jambo jema kwa nafasi yake, lakini silo lililokusudiwa Nairobi mwaka 1976.

Mwisho ni matangazo na michango.

Mwaka una mpigo wake. Mei na Oktoba ni miezi ya rozari, na sanamu ya Bikira Maria huhamishwa nyumba hadi nyumba. Novemba huombewa marehemu. Majina huandikwa kwenye karatasi na kupelekwa kanisani. Kwaresima huleta Njia ya Msalaba kila Ijumaa na mfungo wa Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Nchini Kenya, Tume ya Haki na Amani ya Kanisa Katoliki hutoa kila mwaka kijitabu cha Kampeni ya Kwaresima chenye mada kwa kila wiki, kama ufisadi, ardhi, vijana au uchaguzi, kikiwa na kisa, mchoro na maswali, na jumuiya hukisoma kwa kufuata njia ya kuona, kuamua na kutenda. Wanasiasa wamewahi kukilalamikia, dalili kwamba kinasomwa.

Nyumbani na mbele ya altare

Mtaguso uliiita familia Kanisa la nyumbani, na makatekista wameihubiri sentensi hiyo kwa miaka sitini. Kwa vitendo ina maana ya sala ya jioni kabla ya kulala, baraka kabla ya kula, Malaika wa Bwana asubuhi, adhuhuri na jioni kwa walioizoea, na mzazi anayemfundisha mtoto ishara ya msalaba kabla hajajua kuhesabu. Jumuiya huingia pale familia inapohitaji sakramenti. Anayetaka mtoto wake abatizwe, anayeandikisha kijana kwa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza au Kipaimara, na wachumba wanaotaka kufunga ndoa, wote katika parokia nyingi za Tanzania huombwa barua ya viongozi wa jumuiya inayothibitisha kwamba wanajulikana na wanashiriki.

Ndoa ndipo imani na maisha ya kila siku vinapokabana koo. Sheria ya Kanisa inahitaji ridhaa ya wawili itolewe mbele ya padre au shemasi mwenye mamlaka na mashahidi wawili, basi. Haihitaji ukumbi, suti wala keki. Lakini desturi imejenga juu ya hayo mahari, kitchen party, send-off na kamati ya harusi yenye kadi za mchango, na vijana wengi wanaona afadhali kungoja mpaka fedha zipatikane. Kungoja kwenyewe hufanyika wakiwa chini ya paa moja, watoto wanazaliwa, na Dominika baada ya Dominika wawili hao hubaki kwenye benchi wakati wengine wanakwenda kupokea Ekaristi. Hali hiyo ina jina lake mtaani: uchumba sugu. Parokia nyingi zimejibu kwa ndoa za pamoja, ambapo jozi kadhaa, wengine wakiwa na wajukuu, hufunga ndoa katika Misa moja na kula chakula kilichopikwa na jumuiya zao. Ni mojawapo ya mambo ya busara kabisa ambayo Kanisa la eneo hili limeyabuni, na halikuhitaji hati wala sinodi.

Kwa mgonjwa, jumuiya ndiyo inayofika kwanza na ndiyo inayomwita padre kwa Mpako Mtakatifu. Uwezo wake ulijaribiwa vikali miaka ya 1980 na 1990, UKIMWI ulipoingia nyumba kwa nyumba na hospitali zikajaa. Wahudumu wa kujitolea waliotoka katika jumuiya walifua mashuka, walipika uji, walikaa na watu ambao ndugu zao waliogopa kuwagusa. Jijini Dar es Salaam, jimbo kuu lilianzisha PASADA mwaka 1992 kwa ajili ya watu wanaoishi na virusi, ikakua kutoka huduma ndogo hadi kituo kikubwa chenye wahudumu wanaotembelea wagonjwa majumbani. Si kila jumuiya ilisimama vema wakati huo. Zipo zilizonong'ona badala ya kubisha hodi.

Msiba

Hakuna siku jumuiya inaonekana kama siku ya msiba. Taarifa ikishafika, katibu hupiga simu, turubai hufungwa, masufuria makubwa huletwa, wanawake huanza kuchambua mchele na wanaume kukoka moto na kukesha. Rambirambi huandikwa kwenye daftari kwa jina na kiasi. Rozari husaliwa kila jioni. Kiongozi wa jumuiya husoma wasifu wa marehemu kiimani: alibatizwa lini, alifunga ndoa wapi, alishiriki vipi. Wafiwa wasio na ndugu mjini huzika kwa heshima ileile kama wenye ukoo mkubwa, na kwa mhamiaji hilo peke yake ni sababu tosha ya kuwa mwanajumuiya.

Sababu hiyo ina upande wake mkali. Kila Mkatoliki wa Tanzania amesikia habari ya marehemu ambaye jumuiya ilikataa kumzika kwa madai kwamba hakushiriki au alikuwa na deni la michango. Familia hubaki na jeneza sebuleni huku viongozi wakipekua madaftari. Hapa inafaa kuitazama sheria yenyewe. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 unasema, katika kanuni ya 1176, kwamba waamini waliofariki wapewe mazishi ya Kanisa. Kanuni ya 1184 inataja wanaonyimwa: walioasi imani hadharani, wazushi na wenye mafarakano wanaojulikana, waliochagua kuchomwa mwili kwa sababu zinazopinga imani, na wadhambi wa dhahiri ambao mazishi yao yangeleta kashfa, na hata hao, wakionyesha dalili ya toba kabla ya kufa, hawanyimwi. Kukosa mikutano ya jumuiya hakumo. Daftari la michango halimo. Aidha, kuzika wafu ni mojawapo ya matendo saba ya huruma ya kimwili ambayo mtoto wa Komunyo ya Kwanza hukariri. Jumuiya inayotumia maiti kuwatisha walio hai imevuka mamlaka yake, na padre anayeinyamazia anashiriki kosa.

Fedha

Amri za Kanisa zinamtaka muumini asaidie mahitaji ya Kanisa, na Kanisa lililoamua kujitegemea haliwezi kukwepa kupitisha kapu. Bahasha ya zaka, mavuno, ujenzi wa kanisa, seminari, gari la paroko, sikukuu ya somo, mfuko wa wagonjwa: vyote hupitia kwa mtunza hazina wa jumuiya, kwa sababu yeye ndiye anayemjua kila mtu kwa jina. Matokeo yake ni kwamba katika baadhi ya mitaa mkutano wa sala umekuwa mkutano wa makusanyo wenye sala mwanzoni na mwishoni. Maskini ndio wanaoanza kutoweka. Jumuiya zenye afya hutenganisha mambo haya mawili, na nyingine zimeanzisha vikundi vya kuweka na kukopa, hivyo fedha iliyotoka mfukoni mwa mwanajumuiya inarudi kama ada ya shule au mtaji wa genge.

Kazini

Jumuiya inamlea Mkristo mtaani, lakini saa nyingi za mchana huwa kwingine, shambani, dukani, ofisini. Huko hakuna rozari wala mwenyekiti.

Isidori Bakanja alikuwa kibarua. Alibatizwa mwaka 1906 katika Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, akafanya kazi ya uashi, kisha akawa mtumishi katika shamba la kampuni ya Kibelgiji. Aliwafundisha wenzake sala, akavaa skapulari ya Bikira Maria shingoni. Msimamizi wa shamba, mzungu aliyechukia dini, alimwamuru aivue. Alipokataa alichapwa kwa kiboko mpaka mgongo ukawa donda. Alifariki Agosti 1909 akiwa amemsamehe aliyemuua. Alitangazwa mwenye heri tarehe 24 Aprili 1994.

Miaka karibu mia moja baadaye, Floribert Bwana Chui alikuwa mkaguzi wa bidhaa mpakani, Goma, mashariki mwa Kongo. Alizaliwa mjini humo mwaka 1981, akasoma sheria, na alikuwa mwanachama wa Jumuiya ya Sant'Egidio, chama cha walei Wakatoliki, akiwahudumia watoto wa mitaani. Kazi yake ilikuwa kuamua chakula kipi kiingie nchini na kipi kiteketezwe. Alizuia chakula kilichooza. Alipewa rushwa ili akipitishe, akakataa. Alishinikizwa, akakataa tena. Tarehe 7 Julai 2007 alitekwa, na muda mfupi baadaye mwili wake ukapatikana ukiwa na alama za mateso. Kanisa lilimtangaza mwenye heri jijini Roma tarehe 15 Juni 2025, kama shahidi wa imani.

Uamuzi huo una uzito mkubwa kuliko unavyoonekana. Hakuna aliyemdai Bwana Chui amkane Kristo. Alidaiwa saini tu, saini ambayo maelfu ya watumishi wa mipaka, bandari na halmashauri huitoa kila siku na kwenda Misa Dominika bila wasiwasi. Kwa kumwita shahidi, Kanisa limesema kwamba kukataa rushwa kwa ajili ya afya ya watu usiowajua ni kuikiri imani. Mahubiri juu yake bado ni machache mno mahali ambapo yangehitajika zaidi.

Katika uongozi wa nchi, jina linalotajwa ni la Julius Nyerere, mwalimu wa shule za Mt. Maria Tabora na Mt. Fransisko Pugu kabla ya siasa, aliyezoea kuhudhuria Misa ya asubuhi hata akiwa rais wa Tanzania. Jimbo la Musoma lilifungua mchakato wa kumtangaza mwenye heri mwaka 2005, na sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu. Mwaka 1970, akizungumza na masista wa Maryknoll huko New York, aliwaambia kwamba Kanisa lisiposhiriki kupinga miundo inayowafunga watu katika umaskini litaonekana liko upande wa wanaodhulumu. Sera zake hubishaniwa mpaka leo, na hasa kuhamishwa kwa watu kwenda vijijini. Lakini kwamba aliona siasa kuwa sehemu ya wajibu wake wa kiimani, hilo halina ubishi.

Aprili 1994

Sinodi ya kwanza ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ilifunguliwa Roma tarehe 10 Aprili 1994. Taswira iliyotawala ilikuwa Kanisa kama Familia ya Mungu, na hati iliyofuata, ambayo Papa Yohane Paulo II aliitia saini Yaoundé Septemba 1995, iliziweka jumuiya ndogo ndogo katikati ya taswira hiyo. Siku tatu kabla ya kikao cha kwanza, mauaji ya kimbari yalikuwa yameanza Rwanda, nchi ambayo wengi wa watu wake walikuwa Wakatoliki na yenye jumuiya za msingi zilizopangwa vizuri. Majirani waliosali pamoja waliuana. Watu waliokimbilia makanisani waliuawa humo humo.

Mwandishi yeyote anayeandika juu ya jumuiya hana haki ya kulipita jambo hili kwa haraka. Ukaribu wenyewe hauleti upendo. Aliye karibu anajua pia mlango wa kuvunja. Wapo waliowaficha wenzao, na baadhi walikufa nao. Lakini kwa ujumla jumuiya zilishindwa mtihani ambao zilikuwapo kwa ajili yake, kwa kuwa zilisoma Injili kwa miaka bila kuthubutu kulitaja kundi, kabila na ardhi. Maaskofu wa Rwanda waliomba msamaha Novemba 2016 kwa niaba ya Wakristo walioshiriki, na Papa Fransisko akafanya hivyo Machi 2017. Katika miaka iliyofuata mauaji, baadhi ya parokia za Rwanda zilijenga upya jumuiya kwa kuanzia pagumu: mkosaji na aliyenusurika, mafunzo ya miezi mingi, kukiri hadharani, na ndipo kurudi mezani pamoja.

Mjini leo

Mtaa ambao maaskofu wa 1976 waliufikiria ulikuwa wa watu waliokaa. Mpangaji wa Mbagala, Dar es Salaam, au Kayole, Nairobi, huhama mara kwa mara, hufanya kazi za zamu, na hulala wakati jumuiya inasali. Wanaohudhuria kwa wingi ni wanawake, wengi wao pia wanachama wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki Tanzania kilichoanza mwaka 1972. Wanaume huja msibani na siku ya uchaguzi wa viongozi. Vijana wanaona lugha na saa za mkutano si zao, na wengi hupendelea kwaya, VIWAWA (chama cha vijana Wakatoliki) au vikundi vya karismatiki, ambako watu hukutana kwa umri na shauku badala ya mtaa.

Majaribio yapo. Vyuo vikuu vina jumuiya za wanafunzi zinazokutana hosteli kwa hosteli. Parokia za mijini zimegawa jumuiya kubwa mno na kubadili saa. Makundi ya WhatsApp hubeba matangazo, masomo ya Dominika na, bila kukwepeka, picha za salamu za asubuhi. Nchini Kenya, makanisa yalipofungwa kwa sababu ya korona mwaka 2020, simu ndizo zilizobeba rozari na michango ya chakula kwa waliopoteza kazi. Kanisa lilipoandaa Sinodi ya miaka ya 2021 hadi 2024, maswali yaliteremshwa hadi kwenye jumuiya nyingi za kanda hii, na majibu yakaandikwa na makatibu wale wale wanaoandika rambirambi. Kuhusu mpangaji anayehama, utaratibu uliopo bado ni ule ule: hupewa barua ya kumtambulisha na viongozi wa jumuiya anayoiacha, akaipeleka kwa katibu wa jumuiya ya mtaa mpya, akaandikwa daftarini na kupangiwa zamu yake ya kupokea mkutano.